Ridhaa ya Jirani

Shimo lilichimbwa kabla kibali hakijaombwa. Jumamosi moja vijana wa kampuni ya mabango walishuka kwenye gari na sururu na machepeo, wakapima kwa kamba mbele ya nyumba ya Kasiani, na kufikia alasiri pale Eufrazia alipokuwa akikaangia samaki wake palikuwa na shimo la kummeza mtu mzima. Udongo waliurundika ukutani. Wakalaza ubao mmoja kutoka ukingo wa barabara hadi mlangoni, ili wenye nyumba wapate pa kupita, wakaondoka.

"Watu wa kazi hao," alisema Kasiani, amesimama ukingoni, mikono nyuma. "Sio wababaishaji."

"Na mie nitakaangia wapi?"

"Mama Benja, bado unawaza samaki? Nguzo ikisimama hapa, tivii yao ya matangazo ikawashwa kule juu, kila mwezi kodi inaingia mama wa watu umekaa. Utakaanga samaki wa kula mwenyewe."

Eufrazia alikuwa akitafuta kwa macho mahali pa kuweka jiko, na hakupaona. Nyumba yao ilikuwa barabarani kabisa, upande wa Wazo, kwenye kipande cha ardhi kilichobaki baada ya barabara kupanuliwa. Kulia kulikuwa na mtaro mkubwa wa maji. Kushoto kulikuwa na nyumba ya Nusaiba, karibu kiasi kwamba mmoja akikuna nazi mwenzake anasikia. Nyuma hakukuwa na nafasi ya mtu kupita na ndoo.

Hata hivyo hakuwa mtakatifu. Kodi ile naye alikwishaitumia kichwani mara nyingi. Alishajenga choo kipya, alishabadilisha bati la chumbani. Tangu kibanda cha vinyago cha mumewe kiondolewe barabara ilipopanuliwa, Kasiani alikuwa anaamka, anavaa, anakaa. Mtu aliyekuwa akichonga mpingo mpaka Wazungu wanasubiri foleni, sasa alikuwa akiomba hela ya vocha kwa mkewe aliyekaanga samaki. Ndipo akaja kijana Venance wa kampuni ya mabango, shati limenyooshwa, akamwita "mzee wangu" na kumwonyesha kwenye kishikwambi picha ya nyumba yake mwenyewe, juu yake limesimama bango la umeme linalong'aa, tangazo la soda likipokezana na la simu. Kasiani aliitazama picha ile muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi mtu kumfuata yeye kwa jambo.

"Kuna ishu ndogo tu," Venance alisema. "Kiwanja chenu kimeandikwa makazi. Lazima tuombe kibadilishwe, kiwe makazi na biashara. Mwombaji ni wewe mwenye kiwanja, sie tunakusindikiza. Na jirani anasaini kwamba hana pingamizi. Jirani mnaelewana?"

"Jirani?" Kasiani alicheka. "Yule ni ndugu."

*

Basi Eufrazia ndiye aliyetumwa kwa huyo ndugu. Alimkuta Nusaiba uani, amekaa kwenye mbuzi ya nazi aliyoigeuza kigoda, anamenya kunde za bagia. Eufrazia akavuta ndoo, akaketi, akachota kunde kidogo mkononi akaanza kumenya naye. Nusaiba alikuwa mtu wa pwani hasa, wazee wake wamezaliwa Kunduchi; mumewe alikuwa amefariki, na alibaki katika nyumba ile na binti yake mmoja, Shamimu, wa miaka tisa.

"Nimeona shimo," Nusaiba alisema mwishoni.

"Ndiyo lililonileta." Eufrazia akaeleza. Alieleza vizuri, kama alivyofundishwa, kodi na kibali na kwamba ni saini tu. Alipofika kwenye tivii yenyewe akapunguza sauti.

"Inawaka usiku kucha?"

"Wanasema wanapunguza mwanga ikifika usiku."

"Inabadilika-badilika?"

"Matangazo yanapokezana."

Nusaiba aliacha kumenya. Ndani ya nyumba Shamimu alikuwa anaimba wimbo wa shule, anarudia mstari mmoja tu. Dirisha la chumba chake lilitazama moja kwa moja kwenye lile rundo la udongo.

"Mama Benja, umesahau ile harusi ya Tegeta?"

Eufrazia hakuwa amesahau. Ukumbini mle taa za disko ziliwashwa, nyekundu na bluu zikikimbizana ukutani, na mtoto akaanguka katikati ya watu akaanza kutapatapa, mate yanamtoka. Watu walirudi nyuma, wengine wakasema ana mashetani. Eufrazia ndiye aliyepiga magoti akamlaza ubavu, akamshikilia kichwa kisigonge sakafu. Gauni lake la sherehe lilichafuka mbele yote. Hospitali waliambiwa ni kifafa, na kwamba taa za kuwaka-waka zinamchokoza. Dawa ameze kila siku, na taa za namna ile akae nazo mbali.

"Sijasahau," alisema.

"Basi nisaini vipi?" Nusaiba alisema kwa upole, kama anayeomba radhi yeye. "Ungekuwa unataka kujenga duka, ningesaini hata kwa kidole cha mguu. Lakini hili siwezi. Nisamehe, dada yangu."

"Hapana, nisamehe mie."

Wakaendelea kumenya hadi kunde zikaisha, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuinuka.

*

"Kifafa!" alisema Kasiani. "Mtoto anaanguka tangu zamani, kabla hata ya tivii. Aweke pazia zito, basi."

Venance alikuwepo, amekalia kiti kizuri cha nyumba, kikombe cha chai ya rangi mkononi. Hakuonekana kukasirika. Aliuliza tu, "Hati ya nyumba ile imeandikwa jina la nani?"

"La marehemu mzee wao. Baba mkwe wake."

"Msimamizi wa mirathi?"

Kasiani alifikiri. "Shemeji yake. Sadallah. Anakaa Chanika."

"Huyo ndiye jirani yetu kisheria," Venance alisema, akamalizia chai yake. "Mama tunamheshimu, ila mama anakaa tu pale."

Eufrazia alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alitaka kusema kitu, lakini mumewe alikuwa anacheka na mgeni, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu kibanda kiondoke, akashindwa kukikata. Akamwongezea Venance chai.

Sadallah alikuja wiki ile ile. Alikuwa mtu mnene mwenye kanzu safi, mwenye kusalimia kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Alisimama kando ya barabara muda mrefu, akiangalia magari yanavyopita, akiangalia shimo, kisha akiangalia nyumba ya marehemu baba yake kama mtu aliyeonyeshwa kitu kilichokuwa mfukoni mwake siku zote. Akasaini palepale juu ya boneti ya gari la Venance. Kwa Shamimu hakuingia kumjulia hali.

Jioni Nusaiba alichota maji bombani, akapita mbele ya Eufrazia. "Shemeji kasaini," alisema.

"Nimesikia."

"Haya." Akajitwika ndoo, akaenda.

*

Mvua za vuli zikaanza na kibali bado. Kasiani alivaa suti yake ya kanisani kila alipokwenda ofisi ya mtaa, na kila mara alirudi na tope kwenye pindo la suruali na jibu jipya. Mara mhuri wa mjumbe haujagongwa. Mara mwenyekiti amesafiri. Mara binti wa mapokezi, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alimwambia bila kuinua macho kwenye simu, "Babu, si nilikwambia kopi ziwe za rangi?" Alipofika manispaa aliambiwa akae, akakaa mpaka wafagiaji wakamwomba anyanyue miguu. Hayo hakuyasimulia nyumbani. Alisema tu, "Linakwenda. Linakwenda vizuri."

Shimo nalo likajaa maji. Kuta zake zikaanza kumeguka, na siku moja asubuhi Eufrazia aliona ufa umepanda kutoka kwenye msingi hadi karibu na dirisha la chumbani. Wateja wake, waliokuwa wakisimama na kununua samaki huku wanaelekea nyumbani, wakawa wanapungia mkono kwa mbali. Nani avuke ubao unaotikisika kwa ajili ya vibua viwili? Alihamishia jiko ng'ambo ya mtaro, penye vumbi la malori ya saruji, na huko wengi hawakumfuata.

Siku aliyoanguka alikuwa anatoka Kunduchi na ndoo ya samaki kichwani. Ubao ulikuwa umelowa. Hakutumbukia, alidondokea kifua kwenye ukingo, miguu ikaning'inia ndani ya maji machafu, na samaki wote wakaenda chini. Watu waliokuwa kituoni wakapiga kelele, wengine wakacheka kwanza. Aliyekuja mbio kumvuta alikuwa Nusaiba, kanga kaifunga kiunoni. Alimvuta, akamkalisha, akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake. Kisha akachukua ungo akajaribu kuopoa samaki, akaopoa saba.

"Wengine wamezama," alisema.

"Waache."

"Wachemshe hawa vizuri tu, wataliwa." Hakusema neno lingine kuhusu shimo. Eufrazia alikuwa anatamani sana aseme.

*

Afisa mipango miji alikuja kukagua siku ya jua kali. Aliitwa Anjelina, mwanamke wa makamo mwenye buti na mwavuli, na alivuka ubao kwa tahadhari ya mtu aliyewahi kuanguka. Venance alikuwepo, Sadallah alikuwepo, Kasiani alikuwa ndani ya suti yake. Majirani wa mbali walikusanyika kama wanavyokusanyika penye ajali. Nusaiba alisimama mlangoni kwake, Shamimu amemshika kanga kwa nyuma.

"Nani aliwaruhusu kuchimba kabla ya kibali?" Anjelina aliuliza.

Venance akatabasamu. "Maandalizi tu, dada."

"Nitaandika hivyo hivyo, maandalizi." Akageuka. "Jirani ameridhia?"

"Jirani ni mie," alisema Sadallah.

"Lile dirisha linalotazama huku, ni chumba cha nani?"

Kasiani alitazama dirisha. Pazia lake lilikuwa na picha za vipepeo. Mtu yeyote angejua ni la mtoto.

"Stoo," alisema.

"Stoo," Sadallah akaitikia. "Wanaweka mkaa."

Nusaiba alimtazama Eufrazia mara moja tu, halafu akatazama chini, kana kwamba ndiye aliyesema uongo.

Anjelina akaandika. Kisha akafunua ukurasa. "Kiwanja hiki ni mali ya ndoa. Kabla sijaendelea namtaka mke aseme mwenyewe. Mama, shikamoo. Wewe ndiye mke?"

"Marahaba. Ndimi."

"Umeridhia ombi hili?"

Kasiani alimtazama mkewe. Hakuwa na ukali wowote usoni, alikuwa anaomba. Eufrazia alimwona jinsi suti ilivyomlegea mabegani, akaona watu, akaona Venance ameshaanza kufunga kishikwambi chake kama mambo yamekwisha. Neno "ndiyo" lilikuwa jepesi, lilikuwa limeshafika ulimini.

"Ile si stoo," alisema. "Analala mtoto mle. Yule pale. Ana kifafa, na taa za kuwaka-waka zinamwangusha. Nimemshika mwenyewe kwa mikono hii akianguka. Sijaridhia."

Mtu mmoja katika kundi akasema, "Duh!"

"Mama Benja," Kasiani alisema kwa sauti ndogo.

"Sijaridhia, Baba Benja. Nisamehe."

Anjelina alifunga faili. "Basi kwangu ombi limeishia hapa," alisema, na kabla ya kuondoka alimwambia Venance, "Na hilo shimo lifukiwe, litaua mtu." Venance akaitikia kwa heshima zote.

*

Kasiani hakumpiga mkewe wala kumtukana. Alivua suti, akaitundika, akaketi kitandani. "Umenivua nguo mbele za watu," alisema. Hayo tu. Kuanzia hapo alizungumza naye kwa mambo ya lazima, funguo, maji, mlango, na alipotoka alitoka bila kuaga.

Shimo halikufukiwa. Eufrazia alimpigia Venance mpaka simu ikawa haipokelewi. Siku moja alipopokea alisema ofisi haijafunga faili, na gari la kifusi lina gharama zake, mama avumilie. Udongo uliorundikwa ukutani ulishasombwa na mvua kuingia mtaroni, hakukuwa na cha kurudishia. Nyumba haikuweza kuuzwa ikiwa na shimo mlangoni na ufa ukutani. Wakikaa ndani wanasikia udongo ukimeguka na kudondoka majini. Wakitoka ni ubao ule ule.

Kisha asubuhi moja likaja kirikuu, kigari cha mizigo, likasimama kwa Nusaiba. Vijana wakaanza kutoa vitanda.

Eufrazia alikwenda mbio. "Kuna nini?"

"Nyumba inafanyiwa ukarabati," Nusaiba alisema. Alikuwa anafunga sufuria kwenye shuka. "Ndivyo anavyosema shemeji. Tunahamia Chanika, kuna chumba uani kwake."

"Ukarabati gani?"

"Siku ile ulivyosema, jioni akanipigia. Akasema mie ndiye niliyekufundisha. Akasema nimekula fadhila miaka yote, sasa nawafungia watu riziki." Alikaza fundo kwa meno. "Nikamwambia sikukufundisha. Akasema haidhuru."

Eufrazia alishika ukuta. "Kwa hiyo ni mimi."

"Usiseme hivyo."

"Ningenyamaza ungekuwa unakaa hapa."

"Ungenyamaza ningekuwa nakaa hapa na taa usoni kwa mtoto. Kote ni huku huku, Mama Benja." Akajaribu kucheka. "Chanika giza lipo la kutosha, tunaambiwa nguzo za umeme hazijafika mtaa ule."

"Na kliniki ya Shamimu?"

Nusaiba akatazama mkono wake. Dawa za mtoto zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, ameufunga mkononi mwake mwenyewe, hakuuweka na vyombo. Walipakia pamoja, magodoro, meza, beseni za bagia. Shamimu alikaa mbele kwa dereva, akauliza kama Mama Benja naye anakuja. Gari lilipoondoka Eufrazia alibaki kasimama kwenye ua mtupu ambao haukuwa wake, hadi kijana mmoja wa Sadallah akamwomba atoke, anataka kufunga.

*

Haukupita muda mrefu, Sadallah na Venance wakavuka ubao wakapiga hodi. Kasiani aliwakaribisha kwa kuwa hakujua kumnyima mtu kiti. Eufrazia alikuwa pembeni anachambua mchele.

"Mzee Kasiani," Sadallah alianza, "mambo ya nyuma tuyaache nyuma. Mie nimeona bora bango lisimame kwangu. Nyumba ile haina mtu sasa, hakuna wa kulalamika. Nimeomba kibali mwenyewe." Akatoa fomu, akailaza mezani. "Nyie ndio majirani zangu. Natafuta ridhaa yenu tu."

"Na kampuni imekubali," Venance akadakia, "mkisaini, kesho gari la kifusi linakuja. Tunafukia, tunashindilia, na ule ufa mafundi wetu wanauziba. Mama anarudi kukaanga samaki wake mlangoni kama zamani."

Kasiani aliivuta fomu. Aliisoma yote, midomo ikicheza, maana alikuwa amezijua fomu hizo kuliko wao. Bango lingesimama kwenye ua wa Nusaiba, na mwanga wake ungeingia chumbani kwao. Venance alimpa kalamu. Akaishika. Nje lori lilipita, na kitu kikameguka shimoni kikadondoka majini, wote wakakisikia.

"Mama Benja," Kasiani alisema bila kugeuka. "Wewe unasemaje?"

Mkewe aliweka ungo chini. Ilikuwa muda mrefu hajaulizwa kitu na mtu huyu.

"Waambie wamlete mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mie," alisema Sadallah.

"Mwenye nyumba ninayemjua mie mmempeleka Chanika. Mleteni akae hapo kwenye kiti, aseme kwa mdomo wake kwamba ua ule uwekwe bango. Akisema nisaini, nitasaini. Hata shimo msinifukie."

Sadallah alicheka, akamtazama Kasiani kama wanaume wanavyotazamana. "Mzee, utaendeshwa mpaka lini? Wewe ndiye kichwa cha nyumba. Maliza mambo haya."

Kasiani alikuwa bado ameshika kalamu. Vidole vyake vilikuwa vinene, vya mtu wa patasi, na kalamu ilipotelea ndani yake. Aliiweka juu ya fomu, akavisukuma vyote viwili taratibu hadi ukingo wa meza, upande wa wageni.

"Umemsikia," alisema.

"Mtakaa na shimo lenu basi." Sadallah aliinuka, sauti imepanda. "Na mie nitakwenda hivyo hivyo. Afisa atakuja, tutamalizana naye. Nyie hakuna atakayewauliza!"

"Atauliza," alisema Kasiani. "Yule mama anauliza, nilimwona. Na safari hii nitamwambia mwenyewe chumba kile kilikuwa cha nani, na yuko wapi sasa."

Wageni wakatoka. Ubao ulitikisika chini ya Sadallah, na Venance akarudi hatua moja nyuma kumsubiri avuke kwanza. Kasiani alisimama mlangoni akiwatazama mpaka gari likaondoka, kisha akakaa hapo hapo kizingitini, miguu yake karibu kugusa ukingo wa shimo, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kukaa nje. Baada ya muda Eufrazia alikuja akaketi kando yake, nafasi ikiwa ndogo, bega kwa bega.

"Chanika," mumewe aliuliza, "nauli yake kwenda na kurudi sasa hivi inakuwaje?"